Kogo Amerudisha Mtoto

Kimulot,
8 Februari 1998

Kwa wifi yangu Tecla,

Pokea salamu kutoka kwa watu wa matope. Mvua ya El Nino imetuacha hai, lakini barabara imebaki jina tu. Juzi lori la majani chai lilikwama hapa chini ya kanisa, wanaume wakalisukuma huku wakiimba nyimbo ambazo kanisa lenyewe halizijui. Kaka yako Kipkemoi hajambo. Bado anaendesha lori la maziwa huko Ndanai na anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, amekonda, ananuka kama ndama. Mapacha wameota meno na wanayajaribia kwangu. Ng'ombe mweusi amezaa, dume tena. Wewe je? Umepata mtu wa kukuchekesha huko Nairobi, au bado umeolewa na mafaili?

Sasa niache mzaha. Mama amepooza upande wa kulia. Ilianza kabla ya Krismasi, kikombe kikamtoka mkononi tukafikiri ni baridi. Hospitali walimlaza kidogo wakaturudishia. Daktari alisema hana dawa ya kumpa, anahitaji kuangaliwa tu. Alivyosema "tu" ungedhani ni kufunga mlango.

Unajua Chemutai wangu alipewa Kogo, nyanya yake, tangu akiwa mdogo, alale kwake, amtekee maji, amwashie moto, kama mnavyofanya nyinyi. Sikulalamika. Mimi ni Mkisii, nilikuja hapa nikakuta desturi zenu zimeshaiva, nikakaa nikala. Siku hizi hata mimi mama namwita Kogo, kama watoto. Lakini kumtekea mtu maji ni jambo moja na hili la sasa ni jambo lingine. Mtoto wa darasa la sita ndiye anayemwinua, anamlisha na anamwosha.

Mimi hataki nimwoshe. Nilijaribu. Alinishika kwa ule mkono wake mzima akaniambia, "Wewe ni bibi ya mtoto yangu. Ukiona mimi uchi, kesho nitakuangalia na macho gani?" Kipkemoi ni mwanamume, hilo halisemwi hata kwa mchezo. Tulileta msichana wa kazi kutoka Chepseon, akamwagiwa karai zima la maji, akaondoka amelowa na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Mjukuu ndiye asiyemwonea haya. Mjukuu, na binti aliyemzaa.

Binti aliyemzaa ni mmoja, wifi.

Chemutai hajarudi shule tangu zifunguliwe. Alikuwa wa pili darasani, na sasa wenzake wanapita hapa na vitabu, yeye anajifanya anatafuta kuni upande ule mwingine. Nakuomba njoo Pasaka, ukae hata mwezi. Ukikaa mwezi, mtoto atarudi shule, na sisi tutapata nafasi ya kufikiri.

Mapacha wanalia, naishia hapa kabla hawajaila kalamu.

Ni mimi mke wa kaka yako,
Drusilla


Nairobi,
2 Machi 1998

Wifi mpendwa Drusilla,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Nairobi kuna jua, kuna kipindupindu mitaa ya chini na kuna wabunge wapya wanaotafuta viti vyao. Hakuna wa kunichekesha isipokuwa wewe. Wabusu mapacha, ila uwashike midomo kwanza.

Habari ya mama imenichoma. Mwambie namkumbuka kila siku. Nimempa mke wa mchungaji blanketi zito na mafuta ya kuchua, anakuja huko wiki ijayo.

Kuhusu Chemutai, lazima arudi shule, Drusilla. Lazima. Nisikufiche, nililia zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mama, na usiniulize kwa nini. Kila siku niko kwenye mikutano ya huu mswada wa watoto. Tunakusanya maoni, tunabishana na mawakili, tunawafuata wabunge mpaka hotelini. Mswada ukipita, hakuna mtoto atakayenyimwa shule kwa sababu ya mahitaji ya mtu mzima, awe baba, awe tajiri, awe nani. Na mimi nimeifanya kazi hii miaka sita, halafu mtoto wa kaka yangu mwenyewe yuko nyumbani anashika karai.

Pasaka nitajitahidi. Kuna kamati inayokutana mwezi huohuo na mimi ndiye mwandishi wake, lakini nitaomba ruhusa. Msiache kujaribu mtu mwingine wa kumwosha. Mama ni mkali, lakini huzoea.

Ni mimi anayewawaza,
Tecla


Kimulot,
19 Aprili 1998

Wifi,

Kristo alifufuka, ulikuwa hupo. Tulikuchinjia jogoo, tukamla wenyewe. Kipkemoi alisimama barabarani Ijumaa Kuu na Jumamosi akijifanya anazungumza na watu wa lori, nami namjua mume wangu, hana maneno mengi kiasi hicho. Blanketi limefika. Kogo amelilalia badala ya kujifunika, eti ni zuri mno. Mvua ya mawe imepiga chai yetu yote ya upande wa msitu, kwa hiyo sasa nachuna kwa jirani ili kikapu kisikae bure. Mapacha wanatambaa.

Chemutai yuko palepale. Ameanza kutembea kama mzee, amejishika kiuno. Nilipomkemea akacheka, akasema, "Ni Kogo ameniambukiza."

Sasa nikueleze. Huo mswada wako umefika huku kabla yako. Chifu aliitisha baraza pale kituo cha kununulia majani, diwani akaja na koti jipya. Akasema, "Wazazi, kuna sheria inakuja. Ukituma mtoto kuni, unafungwa. Ukimtuma kuchunga ng'ombe, unafungwa. Mtoto atakuwa na haki kukushinda wewe." Wanaume wakanguruma. Mimi nilikuwa na pacha mmoja mgongoni na mwingine kwapani, nikasimama hivyohivyo. Unajua mdomo wangu hauna breki.

Nikamwambia, "Diwani, mimi nataka mtoto wangu asome. Hiyo sheria kama ni ya kumpeleka shule, ilete hata leo. Lakini niambie, akienda, yule mgonjwa nyumbani ataachiwa nani?"

"Mama, hiyo si swali ya leo. Wazee hawako kwa hii sheria."

"Wako kwa sheria gani?"

"Wazee wako na watoto wao."

Watu wakacheka, na wengine walinicheka mimi. Ndipo mzee mmoja wa upande wa Mau akainuka kwa fimbo, akasema, "Mimi nililipa kodi ya mzungu, nikalipa ya mwafrika. Sasa nimeisha nguvu mnaniambia niko na watoto. Watoto wangu wako wapi? Si wako Nairobi, wanaandika hizo sheria?" Hapo hakuna aliyecheka. Diwani akasema baraza limeisha, tukapewa soda.

Nilitaka kumwambia yule mzee kwamba na mimi nina mmoja huko. Nikanyamaza, kwa sababu ni wewe, na sipendi ukisemwa.

Unakuja lini?

Drusilla


Nairobi,
25 Mei 1998

Mpendwa wifi,

Naomba mnisamehe kuhusu jogoo. Natumaini mvua imewaonea huruma na chai imeanza kuchipua. Mimi nilikuwa na malaria, imeisha. Nilicheka peke yangu ofisini nilipofika kwenye mdomo usio na breki, mpaka wenzangu wakanitazama.

Swali lako nililipeleka kwenye kamati, neno kwa neno. Nikasema kuna mama huko Kimulot anauliza mgonjwa ataachiwa nani. Wakaandika. Mwanasheria mmoja, kijana mzuri tu, akasema tukianza kuwaweka wazee katika mswada wa watoto hatutamaliza, na kwamba wazee ni kazi ya wizara nyingine. Mtu wa hiyo wizara nyingine alikuwa palepale. Akasema hawana fungu la wazee, labda miaka ijayo, na kwamba mila zetu za Kiafrika zinawatunza vizuri. Tukaenda kunywa chai. Niliyafikiri hayo usiku wote, kwa sababu yote mawili ni kweli, mtoto lazima asome na mama lazima aoshwe.

Juni 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika na nimepewa nafasi ya kusema redioni, kipindi cha saa kumi jioni, kwa Kiswahili. Washeni. Nataka Chemutai anisikie, na mama pia ajue binti yake anafanya nini huku. Labda atajivuna kidogo, maana sijawahi kumsikia akijivunia kazi hii.

Nikimaliza hilo nitakuja. Agosti shule zikifungwa, bila shaka.

Tecla


Kimulot,
21 Juni 1998

Tecla,

Sote wazima. Ng'ombe wazima. Salamu zimeisha.

Tulisikiliza. Chepkemboi, yule mjane jirani yetu, alileta betri mpya kutoka kwake. Chemutai alimchana Kogo nywele, akamvisha sweta ya kanisani, akamkalisha kwenye kiti na mito pande zote kama bibi harusi. Sauti yako ilipotoka, Kogo aliinua ule mkono mzima akatunyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Alitabasamu na upande mmoja wa uso. Ulisema vizuri, siwezi kukataa. Ulisema juu ya watoto wa mitaani na watoto wa mashamba ya kahawa, mpaka Chepkemboi akasema, "Huyu angekuwa mwanaume angekuwa mbunge."

Halafu ukasema unamjua msichana mmoja huko Konoin, yaani huku huku kwetu, hajaenda shule mwaka huu hata siku moja, amefanywa mtumwa wa mgonjwa na watu wanaosema wanampenda.

Hukutaja jina. Ungetaja tu, wifi, maana kijiji kizima kilikuwa kimewasha redio kwa ajili yako.

Unakumbuka kwamba mama alichuna chai kwa wazungu tangu hajaolewa, pamoja na Wajaluo na Wakisii na Waluhya? Kiswahili anakijua kuliko mapadri. Chepkemboi akazima redio. Kogo akamwuliza Chemutai, "Tecla anasema nani?" Mtoto akasema ni msichana wa mbali. Kogo akasema, "Konoin si mbali." Hakula jioni ile. Kesho yake chifu akaja mlangoni kwake, amevua kofia, akamwambia kwa heshima zote kwamba mambo ya mtoto huyu sasa yanasikika mpaka juu.

Kwa nini hukuiambia redio kwamba msichana huyo ana shangazi? Kwamba shangazi huyo ndiye mtu mmoja duniani, mbali na mtoto, ambaye mgonjwa angekubali amvue nguo? Ungemaliza hadithi. Umeikata pale ilipokufaa.

Sitaki blanketi lingine.

D.


Kimulot,
12 Julai 1998

Wifi Tecla,

Hujajibu, na nisingekulaumu. Nakuandikia mimi kwanza kwa sababu nina habari njema na roho yangu haikukaa vizuri tangu ile barua ya mwisho. Nilikuwa na hasira. Nisamehe.

Chemutai amerudi shule! Kogo mwenyewe ndiye aliyemrudisha kwetu. Jumapili baada ya kanisa aliniita, akasema amezungumza na Chepkemboi na wamekubaliana, Chepkemboi atakuja kila asubuhi kumwosha na kumwashia moto, maana ni mwanamke wa rika lake, hawaoneani haya. Mimi nitakuwa naleta chakula mchana. Mtoto akasome. Siku za shule hataki kumwona kabisa, asije akachelewa, ila Jumapili tu. Mwalimu amesema hata likizo ya Agosti atamfundisha, ili afidie aliyoyakosa.

Nilimuuliza kama ana hakika, akaniambia, "Wewe unaongea sana." Kwa hiyo nikajua ni mzima.

Akampigisha Chemutai magoti, akamtemea mate ya baraka kifuani, akampa kile kibuyu chake cheusi cha maziwa ya mursik, kile chenye mkanda wa kauri. Akasema sasa ni chako, nenda nacho kwa mama yako. Chemutai alilia njia nzima, wasichana bwana! Nimekitundika kwangu ukutani, kinapendeza. Unaona, hata uchungu wa redio umemtoka.

Kipkemoi harudi mpaka mwisho wa Agosti, lori lingine limeharibika na anafanya zamu mbili. Atafurahi. Nawe furahi, wifi. Umeshinda, na safari hii sikuonei kijicho.

Wako mwenye mdomo,
Drusilla


Nairobi,
19 Agosti 1998

Drusilla,

Sikusalimu. Ukimaliza mstari huu mtoe Chemutai darasani umpeleke kwa mama. Usingoje kengele.

Barua yako ya Julai nimeipata leo. Nilikuwa Kisumu kwenye semina, kisha ikawa ile siku ya bomu hapa mjini, jengo letu likafungwa na barua zote zikakaa posta. Nimeisoma sasa hivi.

Umesema alimpa kibuyu. Hakuna aliyekueleza? Mtoto aliyepewa kogo harudishwi. Anarudi mwenyewe, kogo akishazikwa. Kogo akimrudisha akiwa hai, na kibuyu mkononi, anaaga. Ameamua. Mimi nilipewa kibuyu hivyohivyo nikiwa mdogo, nikarudi nyumbani nikikimbia kwa furaha, na haikupita wiki tukamzika.

Mwulize Chepkemboi. Usimwulize mama, atakudanganya. Mwulize Chepkemboi mwenyewe kama anakwenda.

Nimepiga simu kiwanda cha chai cha huko tangu asubuhi, haishiki. Nampa barua hii dereva wa basi. Nitakuja Ijumaa nikipata ruhusa.

Shule itangoja. Mrudishe mtoto, Drusilla. Nakusihi mrudishe.

Tecla


Kimulot,
6 Septemba 1998

Kwa Tecla,

Salamu za hapa ni za watu waliozika. Kipkemoi amerudi Ndanai. Ameacha kusema kabisa, anaitikia kwa kichwa. Mapacha wameanza kutembea siku ileile ya matanga, katikati ya miguu ya watu, na hakuna aliyewashangilia.

Ulikuja Jumanne tukiwa tayari kaburini, ukasimama nyuma na watu wa gari lako, ukaondoka kabla ya chai. Sikukutafuta. Sasa nitakuandikia ambayo hukuuliza.

Barua yako ililetwa Jumamosi na mtu wa basi, wanaume wakichimba. Nilikuwa nimeshampata mama Alhamisi. Nilimpelekea uji mchana kama kawaida. Siku zote nilikuwa nikifika, anajibu akiwa ndani, "Weka hapo mlangoni, Chepkemboi ametoka sasa hivi." Na mimi naweka, najiondokea, maana chai ilikuwa imechipua na kila mtu alikuwa mbioni. Alhamisi hakujibu. Nikazunguka nyuma. Alikuwa kando ya pipa la maji, karai limepinduka, sabuni iko mkononi. Alikuwa amejivua mpaka kiunoni. Kulikuwa kumenyesha tangu asubuhi. Mgongo wake ulikuwa na vidonda, wifi, vya siku nyingi, ambavyo mkono mmoja hauvifikii.

Chepkemboi hakuwahi kuja hata mara moja. Yuko Chepseon kwa binti yake tangu mwisho wa Juni, nami kwa kukimbilia chai sikuona kwamba mlango wake umefungwa, na hakuna aliyewahi kumwomba.

Nilivua leso yangu nikamfunika nikiwa nimeangalia kando. Kisha nilikwenda shuleni nikamtoa Chemutai darasani. Barua yako ilikuwa bado haijafika, hukuniagiza wewe. Nilimtoa kwa sababu yeye peke yake aliruhusiwa. Alichemsha maji, akamwosha Kogo wake mwili mzima, taratibu, na mgongo. Mimi nilisimama nimegeukia chai. Kila nilipotaka kumsaidia alisema, "Mama, usigeuke."

Kipkemoi alipofika, alikiona kibuyu ukutani hata kabla hajaketi. Aliuliza nani amekileta. Nilipomwambia, alikishika, akanitazama, akatoka nje. Nimeishi na watu hawa miaka kumi na mitatu na hakuna aliyeniambia maana ya kibuyu, kwa sababu kila mtu alidhani kila mtu anajua. Nilikitundika kama pambo. Nilikusifia kinavyopendeza.

Simlaumu mtu. Naona nimeandika hivyo na si kweli.

Drusilla


Nairobi,
18 Oktoba 1998

Wifi Drusilla,

Natumaini mu wazima, na kwamba mgomo wa walimu haukumsumbua Chemutai sana. Mimi niko. Kazi iko. Mswada bado unasukumwa huku na huku. Kamati imeniambia swali la wazee niliandikie pendekezo, nikakaa na karatasi mbele yangu mpaka wakazima taa za ofisi. Haina neno hata moja.

Kuna jambo sijawahi kumweleza mtu lote. Mimi nilipewa kogo, mama yake mama, nikiwa na miaka minne. Alikuwa kipofu. Nilikuwa macho yake mpaka aliponipa kibuyu akafa, kisha nikaanza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa na watoto wanaonifikia kiunoni, wakaniita Kogo kwa mzaha. Niliapa kwamba nikikua nitaliondoa jambo hili duniani. Uliponiandikia Februari kwamba Chemutai anashika karai, sikumwona mama. Nilijiona mimi. Na kila nilipofunga mkoba nije, mikono ilianza kunuka ule moshi wa nyumba ya kogo, nikaufungua tena.

Nilimpenda yule kogo, Drusilla. Hilo pia sikuliambia redio.

Naomba unipe Chemutai. Kuna shule ya bweni hapa karibu, nitamlipia mpaka chuo kikuu. Likizo atakuwa kwangu. Nyumba yangu ni kubwa na nina chumba kisicholalwa na mtu. Hatashika karai tena maisha yake yote.

Msomee barua hii mwenyewe. Sitaki afichwe.

Tecla


Kimulot,
29 Novemba 1998

Wifi Tecla,

Tumefunga mwaka wa shule na mvua imetulia. Kipkemoi alikuja, akacheka mara moja, mapacha walipomvua kiatu. Chai inatoka vizuri. Chemutai amekuwa wa tano darasani, na mwalimu anasema angerudi kwenye nafasi yake ila wakati wa mapumziko hachezi na wenzake. Anakimbia mpaka nyumba ya Kogo, anafungua mlango, anaangalia ndani, anaufunga, anarudi. Walimu walimchapa kwa kuchelewa, kisha wakaacha.

Nilimsomea barua yako yote jikoni tukimenya viazi. Sikuruka neno. Pale penye kogo kipofu aliacha kumenya.

Nilimwambia kwamba mimi na baba yake hatumzuii. Ni shule nzuri, na shangazi yako anakupenda. Nilikuwa nimekwisha kuuzoea uchungu wa kukosa mtoto, nikajipa moyo kwamba nina wengine wawili. Nilidhani atasema ndiyo au hapana.

Akaniuliza, "Shangazi ana mtoto?"

Nikasema hana.

"Ana mjukuu wa mtu yeyote anayelala kwake?"

Nikasema Nairobi hawafanyi hivyo.

Akamenya viazi viwili vitatu. Halafu akaniambia, "Mwandikie sitakuja sasa. Nitamaliza shule hapahapa. Nitakuja akizeeka, nimwoshe."

Nilimwambia wakati huo utakuwa mtu mzima, na mume, na kazi yako, labda wewe mwenyewe ni daktari, shangazi ataangaliwa na serikali. Alinitazama kama anavyowatazama mapacha wakila udongo. Akasema, "Mama, mwandikie tu. Asiogope."

Nimekuandikia.

Drusilla